Tupeane uzoefu: bima za kwa simu, mashine za kidole na safari za matibabu India

BintiMajengo
Salaam wapendwa. Asubuhi nlikuwa kliniki na jirani yangu, mbele yetu mzee wa watu yuko na kile kimashine cha kusoma alama ya kidole. Afuta kidole kwa kikoi, aweka, yaandika jaribu tena, afuta, aweka, jaribu tena. Yakanirudia ya mamangu yote. Basi tupeaneni uzoefu nyinyi wenye SHA, hii bima ya afya ya serikali, wenye bima za kazini na mliopeleka wagonjwa India ama Dar, maana siku hizi kila kitu kiko kwa simu.

Yangu ni hii. Mama yuwakaa Ukunda, simu yake ni kabambe, ile ya vitufe, kwa hivyo aliandikishwa na laini ya ndugu yangu mdogo kwa sababu ndiye alokuwa na bando siku ile. Na ndugu yangu ni baharia. Siku presha ya mama imepanda twafika hospitali usiku, dada wa risepsheni abonyeza abonyeza, kisha asema nimetuma OTP, ile namba ya siri ya mara moja, nisomee. Imetumwa wapi? Kwa mtu aliye katikati ya bahari! Mama yuko kwa kiti cha magurudumu aniuliza, "Kwani atibiwa yeye ama natibiwa mie?" Tukatoa mfukoni kwanza mpaka kukakucha.

Mzee_wa_Mwembe_Tayari
😂😂 Mamako ana haki kabisa.

FundiBamburi
Ndio maana 2025 serikali ikasema OTP itoke kije kidole, kwa sababu kulikuwa na wagonjwa hewa chungu nzima, mtu yuko kwake ala muhogo na huko yuwalipiwa amelazwa. Sawa. Lakini mie fundi wa mawe bana, saruji imenila vidole, sina alama. Nimeketi pale wanijaribu kidole kimoja kimoja, gumba hapana, cha shahada hapana, foleni nyuma yangu yakoroma. Mwisho kikasoma kidole cha mwisho cha kushoto, kile cha kuchokolea sikio. Tangu siku hiyo hicho ndicho ninachokilinda.

mama_mahamri
Paka mafuta ya nazi usiku ulale nayo. Babangu yalimsaidia.

Rashid.K
Msimdanganye mtu jamani, mafuta ndiyo yaharibu. Osha na sabuni ukaushe kabisa ndio uweke.

mama_mahamri
Nimesema USIKU, si mlangoni pa hospitali. Soma vizuri.

BodaKisauni
Mimi nililipa ya mwaka mzima kwa mkupuo maana sisi wa jua kali hatukatwi asilimia 2.75 ya mshahara kama walioajiriwa. Yale maswali ya kupima kipato kwa *147# yalinichekesha, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, wapikia nini. Nilijibu ukweli, jikoni kwangu ni makaa. Mke wangu akajifungua kwa upasuaji na SHA ikalipa ile 30,000, ingekuwa kawaida ni 10,000. Kwa hivyo mimi silalamiki. Kama huna za mkupuo kuna ile Lipa SHA Pole Pole, uliza.

UmmSalim
Nimesoma hapa nikasema sitaandika, lakini nimeshindwa. Mada imegusa India.

Babake Salim valvu ya moyo ilikuwa imechoka. Bima yake ya kazini ilikuwa nzuri tu, twaambiwa hata ng'ambo inalipa. Tukapata wakala kupitia WhatsApp, nkamtumia ripoti ya eko, kile kipimo cha moyo, na picha zote kwa simu, wallahi kabla ya siku mbili hospitali ya huko imeshajibu, daktari akaongea nasi kwa video tuko sebuleni Tudor na makadirio ya bei yakaja kwa imeli. Viza ya matibabu pia tukaomba kwa intaneti, yake ya mgonjwa na yangu ya kumuuguza, hatukupanda gari kwenda ubalozini. Nkajiambia kumbe dunia imekuwa nyepesi hivi.

Uzito ulianza baada ya upasuaji. Mapafu yaliingia maji akarudishwa ICU, na kila siku ya ICU ni bili. Bima ilikuwa imetoa idhini ya kiasi kilekile cha makadirio, ya ziada yataka idhini nyingine, na idhini nyingine yataka barua ya daktari ipandishwe kwa tovuti yao. Napandisha, yakataa. Faili ni kubwa mno. Napiga simu, waniambia tuma kwa tovuti. Na India wako mbele yetu saa mbili na nusu, watu wa bili huku wanidai asubuhi na Mombasa ndio kwanza watu waamka. Kila asubuhi nikitoka lifti karani ananitazama kisha azungusha ile skrini yake niione namba ilivyopanda. Hasemi kitu. Aizungusha tu.

Nyumbani wakafungua kikundi cha mchango, Mungu awalipe, pesa zikaingia mpaka M-Pesa ya mpwa wangu mweka hazina ikajaa, maana mwisho wa kuweka ni 500,000, watu wakituma pesa zawarudia. Wengine wakaanza kusema kikundini ooh mbona mchango warudi, kuna kitu hapa. Na mie niko kwa korido ya ICU nasoma hayo!

Aliyenitoa ni kijana mmoja mkalimani wa pale, Mkongo, Kiswahili chake na changu vyapishana njiani lakini twaelewana. Akachukua simu yangu, akaipiga picha barua upya kwa programu ya kupunguza ukubwa, ukurasa mmoja mmoja. Ikaingia. Idhini ikaja jioni ile ile. Wakala? Simu zake zote mbili zilikuwa hazishikwi, lakini picha za status ya WhatsApp alikuwa yuwaweka kila siku, "mgonjwa mwingine amepona alhamdulillah".

BintiMajengo
Subhanallah UmmSalim. Mzee yuaje sasa?

UmmSalim
Alhamdulillah, yuwatembea mpaka msikitini na kurudi.

Rashid.K
Hapo kwa skrini nimetetemeka.

daktari_wa_baraza
Pole sana dada. Lakini tuseme ukweli, watu wa pwani tukisikia ugonjwa tu, India. Ukienda KUTRRH, ile hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta karibu na Nairobi, PET skani ya kutafuta saratani ipo, zamani hiyo ilikuwa lazima upande ndege. Moyo pia wapasuliwa hapa hapa.

UmmSalim
Ulilipa wewe? Ulikuwepo tulipoambiwa foleni ya miezi?

daktari_wa_baraza
Sijakusema wewe, nasema kwa jumla.

mama_mahamri
Kwa jumla yenu mwaijua wenyewe. Mtu amekwambia mumewe alikuwa ICU wewe wamletea PET skani, na valvu haipimwi na PET skani.

Safari_Tiba_Msa
Naomba nichangie kwa heshima. Mie ni wakala, na si sote wezi. Kazi yetu ni kutuma ripoti hospitali tatu nne, kulinganisha bei, barua ya mwaliko, viza, mtu wa kuwapokea eapoti. Mgonjwa halipi, hospitali ndiyo yatulipa asilimia.

FundiBamburi
Ahaa! Asilimia ya bili. Kwa hivyo bili ikipanda na wewe wapanda.

Safari_Tiba_Msa
Si hivyo ndugu yangu, ni asilimia ya kifurushi tulichokubaliana mwanzo.

FundiBamburi
Basi mwambie mgonjwa kabla hajapanda ndege. Hayo tu.

Safari_Tiba_Msa
Mie huwaambia.

Mzee_wa_Mwembe_Tayari
😏

AmiSwaleh
Kwani India tu? Mie nilimpeleka ndugu yangu Dar, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Twapanda basi, twavuka Lungalunga, chakula chetu, lugha yetu, nesi akisema nakuelewa bila mkalimani. Nililipa taslimu, hakuna cha idhini wala tovuti. Mwenye SHA asidanganyike, ng'ambo inalipa mpaka 500,000 tu, tena ni kwa matibabu ambayo hayapatikani Kenya, na hospitali yenyewe iwe imekubaliwa. Huwezi kujiendea tu kisha uje na risiti.

BodaKisauni
500,000 India si inaishia kwa tikiti na hoteli

AmiSwaleh
Tikiti na hoteli ni zako kabisa, hiyo ni ya matibabu.

Rashid.K
Ushauri wangu: kila karatasi muwe nayo kwa simu NA mkononi. Skani zile za CD itieni kwa flashi pia. Na nambari ya SHA ya mgonjwa iwe kwa laini ya mtu anayelala naye nyumba moja, si ya baharia.

mama_mahamri
Mie nasema karatasi zote zitupeni, simu yatosha. Karatasi ndizo zapotea.

Rashid.K
Na simu ikiishiwa na chaji?

mama_mahamri
Pawabenki babu.

BintiMajengo
Jamani 😂 Swali langu moja, shangazi anaenda India mwezi ujao, ile kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano twaipata wapi hapa Mombasa?

Safari_Tiba_Msa
Port Health, ofisi ya afya ya bandarini. Beba paspoti. Sindano iwe imepita siku 10 kabla ya safari, ikiwa chini ya hapo kadi haijaanza kufanya kazi na mkifika India mtawekwa pembeni. Na usiipige lamineti, wakija kukagua wataka kuona muhuri wenyewe.

BintiMajengo
Asante. Na ni kwa simu ama ni karatasi?

Safari_Tiba_Msa
Karatasi. Hiyo chukua karatasi.