Mtoto kabla ya wakati: mkubwa anasema kuvezi, utafiti unasema kifua. Nishaurini

Nyota ya Ruzizi · Alhamisi, saa 2:10 usiku

Hamjambo wakubwa na wadogo. Mimi ni mkunga, mwaka wa sita sasa, kwenye materniti moja hapa Bukavu. Sitaitaja, msiniulize.

Tuna mtoto aliyezaliwa Jumanne kabla ya wakati. Kadogo kabisa. Kuvezi zetu, masanduku ya kioo ya kumtia mtoto joto, ni mbili. Moja ilikufa tangu mwaka jana, na hii iliyobaki wamelazwa watoto wawili humo, kichwa kwa miguu kama samaki sambaza kwenye sinia. Mwezi uliopita tulipata mafunzo ya siku mbili, wakatuelezea utafiti wa OMS, Shirika la Afya Duniani, wa 2021: mtoto mdogo akiwekwa kifuani ngozi kwa ngozi, ndiyo wanaita kanguru, tangu anapozaliwa, bila kungoja kwanza atulie kwenye kuvezi, vifo vinapungua kwa robo. Robo nzima! Nilimwambia titileri wetu, muuguzi mkuu wa hapa. Akanijibu, "Hayo ni mambo ya kwa wazungu wenye kila kitu. Mtoto wa namna hii ni wa kuvezi." Na kuvezi inalipiwa kwa siku, mnajua.

Swali langu ni hili tu: nimwambie vipi mkubwa akubali, asione namdharau?

Chukudu ya Birere · saa 2:19

Mwambie kanguru hana kuvezi na watoto wake wanaruka.

Yaya Sifa · saa 2:31

Kanguru hana titileri pia, ndiyo maana. Mdogo wangu, mkubwa ni mkubwa. Siku hizi mtu anahudhuria mafunzo siku mbili, anapewa kalamu na soda, anarudi kufundisha waliomfundisha kukata kitovu. Mngoje akiwa peke yake, umsalimie vizuri, umuulize kama mtu anayetaka kujua. Usimletee karatasi mbele ya stajeri, mwanafunzi wa mazoezi. Sisi tulilelewa hivyo na hatukufa.

Mama Mapacha wa Kadutu · saa 2:40

Soma yangu kwanza. 2009 nilizaa mapacha miezi saba. Hakukuwa na kuvezi wala kanguru. Marehemu mama mkwe alichukua pamba, akawafunga mpaka wakabaki pua tu, akaweka chupa za maji ya moto pande zote mbili kwenye katoni ya maziwa. Kila chupa ikipoa anaamka. Wiki tano mama yule hakulala. Mmoja chupa ilimgusa paja, alama anayo hadi leo, na akivaa kaputula anaulizwa kila siku. Huyo njo anataka kusoma udaktari. Kwa hiyo watoto wanapona, msiogope.

Mkunga wa Lushi · saa 3:02

Dada Nyota, salamu kutoka Lubumbashi. Mkubwa wako amekosea kitu kimoja, na mwanzie hapo hapo. Utafiti ule haukufanywa kwa wazungu. Ulifanywa Ghana, India, Malawi, Naijeria na Tanzania, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1,8. Kundi moja lilianza kifuani mara moja, lingine likangoja mtoto atulie. Katika watoto 100, kwa wale waliongoja walikufa karibu 16, kwa wale walioanza mapema 12. Tofauti ilipoonekana wazi waliusimamisha kabla ya muda wake. Na 2022 OMS ikaandika maelekezo mapya: anza mapema, saa 8 mpaka 24 kwa siku.

Lakini nawe hukumaliza kusoma. Kule mama alilazwa ndani ya chumba cha watoto wachanga, kitanda chake hapo hapo, muuguzi yuko na mashine ya kusaidia pumzi iko. Kifua kiliongezwa juu ya matunzo, hakikuchukua nafasi ya matunzo. Na mtoto aliyeshindwa kupumua mwenyewe hakuwekwa kifuani.

Sasa nijibu. Kilo ngapi? Anapumua bila msaada? Anakula vipi? "Kadogo kabisa" si uzito.

Papa wa Majengo · saa 3:15

Na baba je? Wangu wa kwanza nilimbeba mimi. Goma, 2014, mama yake alikuwa na homa. Nilivua shati, muuguzi akanifunga na kikwembe cha mke wangu chenye picha za samaki, nikakaa kwenye kiti cha plastiki. Rafiki zangu waliokuja kutoa pole walipiga picha. Hadi leo kwenye kundi letu naitwa Mama Samaki. Lakini jamani, moyo wa mtoto yule ulikuwa unapiga mbio kama saa ndogo, nausikia kwenye mfupa huu hapa. Sijui mtu anaeleza vipi.

Nyota ya Ruzizi · saa 3:33

Kilo 1,420. Anapumua mwenyewe, wakati mwingine anasahau kidogo, ukimgusa unyayo anakumbuka. Anakula kwa sonda, mpira mwembamba wa kufikisha maziwa tumboni; maziwa ya mama tunakamua. Mama alipata kifafa cha mimba, wakamfanyia sezarieni Jumanne saa nne usiku. Papa wa Majengo, umenichekesha, asante.

Mkunga wa Bagira · saa 3:41

Kila mtu kanguru, kanguru. Kinamama wanatuishia kwa damu na hakuna anayefungua uzi. Mmesoma utafiti ule wa 2023? Kenya, Naijeria, Afrika Kusini na Tanzania, hospitali 80. Unatandika chini ya mama nailoni yenye mfuko uliochorwa mistari, damu inaingia humo, unasoma kipimo badala ya kukisia kwa macho. Ikipita kipimo unafanya yote kwa pamoja: unasugua tumbo, oksitosini ya kukaza kizazi, dawa ya kuzuia kuvuja, serumu ya mshipani, unatafuta damu inatoka wapi. Damu nyingi za hatari zilipungua kwa asilimia 60. Sisi bado tunasema "damu ya kawaida" kwa kuangalia kikwembe kilivyolowa. Kikwembe cheusi je?

Chukudu ya Birere · saa 3:44

Mama Bagira, fungua uzi wako, tutakuja wote na nailoni zetu.

Mkunga wa Lushi · saa 3:50

Mkunga wa Bagira ana haki, lakini turudi. Dada, "anasahau kidogo" ni mara ngapi kwa usiku? Na nina swali lingine ambalo nilitaka kuuliza tangu mwanzo. Unaandika kama mtu anayetafuta kibali cha jambo lililokwisha. Mtoto huyu tangu Jumanne amekuwa wapi?

*(Kimya mpaka saa 5.)*

Nyota ya Ruzizi · saa 5:06 usiku

Sawa. Ameshakaa kifuani.

Usiku ule ule umeme ulikatika saa saba. Mafuta ya jenereta yako kwenye chumba kilichofungwa, na ufunguo uko nyumbani kwa mtu. Kuvezi bila umeme ni sanduku la kioo. Nilipima kwapani: 35,2. Aliwekwa kifuani, akafungwa na kikwembe, kofia kichwani, blanketi juu. Saa tisa 36,1. Saa kumi na moja 36,7. Kichwa upande mmoja, kidevu juu kidogo, miguu kama ya chura, kila kitu kama tulivyoonyeshwa. Hakusahau kupumua hata mara moja. Yule mwenzake wa kuvezi tulimfungia nyanya yake, naye yuko sawa.

Umeme uliporudi nikamrudisha, na kwenye fishi, karatasi ya kumfuatilia mtoto, nikaandika kuvezi usiku mzima, 36,6. Ningeandika nini? Usiku wa Jumatano nikarudia, safari hii umeme ukiwapo.

Na familia nimeshawaambia wasiendelee kulipa. Hawana. Benki zimefungwa, mshahara haujulikani unapitia wapi, na kila siku faktiri inaongezeka. Jumamosi asubuhi titileri huwa hayupo. Wanaweza kutoka, mtoto akalelewa kifuani nyumbani, sonda naijua, nitapita kila siku. Si ndivyo utafiti unavyosema, kwamba kifua kinashinda kuvezi?

Yaya Sifa · saa 5:14

Yesu wangu. Kumbe swali halikuwa la kumsalimia mkubwa.

Mkunga wa Lushi · saa 5:30

Hapana, haukusema hivyo. Rudi juu usome. Hakuna aliyewapeleka nyumbani siku ya nne wakiwa na sonda. Mtoto anatoka akishaweza kunyonya au kunywa kwa kikombe, akishaanza kuongeza uzito, na hasahau kupumua siku kadhaa mfululizo. Usiku wa umeme ulifanya vizuri, nasema wazi. Ningefanya hivyo hivyo. Jumamosi ni jambo lingine. Sonda ikihama ikaingia kwenye pumzi saa nane usiku huko juu kilimani, utamgusa unyayo kwa simu?

Na fishi rekebisha. Yule wa zamu inayofuata anasoma 36,6 anafikiri kuvezi inafanya kazi bila umeme. Zaidi ya hapo, ushahidi wako wote wa kumwonyesha titileri umeuandika uongo kwa mkono wako.

Nyota ya Ruzizi · saa 5:37

Ni rahisi kusema ukiwa Lubumbashi. Ningeandika ukweli, kesho yake ningekuwa nyumbani.

Mama Mapacha wa Kadutu · saa 5:40

Kama ni chupa za maji ya moto mimi ninazo, za kioo, nzito. Sema tu.

Mkunga wa Bagira · saa 5:42

Mama, acha chupa! Paja la mtoto umelisahau?

Shahidi wa Feu Rouge · Ijumaa, saa 12:20 asubuhi

Nimesoma mpaka chini, naomba mnisamehe, hadithi hii imeshonwa. Mama alipata kifafa, wakampasua saa nne usiku. Mtu huyo saa saba yuko kwenye magnezi, dawa ya hicho kifafa, serumu mkononi, mpira wa mkojo, hata jina lake halijui. Halafu mtoto "aliwekwa kifuani" mpaka saa kumi na moja. Aliwekwa na nani? Kifua cha nani? Yule mwingine tumeambiwa nyanya yake. Huyu wa kwetu kifua hakina mwenyewe. Mkunga wa kweli hawezi kusahau hilo. Ngojeni, jioni itawekwa namba ya Airtel Money ya kumsaidia kadogo.

Chukudu ya Birere · saa 12:31

Eeeh! Shahidi ameamka na kisu.

Papa wa Majengo · saa 12:50

Mimi nilitaka kuuliza hilo nikaona aibu. Dada, kama ni mchezo sema tucheke pamoja. Niliwaeleza habari za kikwembe changu hapa.

Yaya Sifa · saa 1:05

Na mimi tangu "miguu kama ya chura" niliona ni ya kunakili kwenye kitabu.

Mkunga wa Bagira · saa 1:11

Ya chura ndivyo tunavyosema wote, Yaya. Lakini swali la kifua ni la kweli.

Nyota ya Ruzizi · saa 3:48 asubuhi

Nilikuwa nimelala, nilitoka gardi, zamu ya usiku.

Kifua ni changu.

Mtoto ni wa kaka yangu. Mama yake ni wifi yangu, na ilikuwa kama Shahidi anavyosema: hakujua jina lake, wala hakujua kama amezaa. Mama yetu alikuwa bado yuko njiani kutoka Kabare. Kwenye gardi tulikuwa mimi na stajeri mmoja. Nilifungua blauzi, nikakaa kwenye kiti cha titileri kwa sababu ndicho pekee kinacholalia nyuma, nikamweka. Mkono wake mzima ulikuwa unashika kifungo kimoja cha blauzi yangu, vidole vyote, na bado kifungo kinabaki kikubwa. Sikuandika hapa kwa sababu nilijua mtakachouliza.

Mkunga wa Lushi · saa 3:55

Basi nauliza. Nani alikuwa kwenye chumba cha kujifungulia?

Nyota ya Ruzizi · saa 4:02

Stajeri. Kulikuwa na mama mmoja, amefunguka sentimita sita. Mlango ulikuwa wazi, nilikuwa nasikia kila kitu. Alizaa saa kumi na moja na nusu, nimeshafika. Mama mzima, mtoto analia.

Yaya Sifa · saa 4:04

Na angezaa saa tisa? Na damu za Mkunga wa Bagira?

Mkunga wa Bagira · saa 4:09

Yaya, mimi nimeshafanya gardi peke yangu na wanne wanaosukuma. Usimtupie mawe, titileri anayekaa na ufunguo wa mafuta nyumbani analala vizuri. Lakini Nyota, dada, ndiyo. Angezaa saa tisa.

Shahidi wa Feu Rouge · saa 4:20

Mimi bado. Kila akiulizwa, hadithi inaongezeka chumba.

Papa wa Majengo · saa 4:26

Mimi kile kifungo kimenimaliza. Mtu hawezi kutunga kifungo.

Mkunga wa Lushi · saa 4:45

Ya kweli au ya kutunga, jibu ni moja, na kesho litamsaidia mtu mwingine. Mama akiwa mgonjwa, mwanamke mwingine wa familia anabeba, hata kwenye ule utafiti walifanya hivyo. Mama yenu amefika? Aoge, akate kucha, avae gauni safi la kufunguka mbele, akae kando ya kuvezi, chumba hicho hicho. Wewe rudi kazini kwako. Wifi akiamka vizuri apokee yeye, na maziwa yaendelee kukamuliwa kila baada ya saa tatu, usiku pia. Mtoto ukimwogesha sasa nitakuja Bukavu mwenyewe. Na Jumamosi hatoki.

Nyota ya Ruzizi · saa 4:51

Mama amefika. Sijasema hatoki. Kaka ameshaongea na mtu wa moto, pikipiki ya kuwachukua.

Nyota ya Ruzizi · Jumamosi, saa 5:15 asubuhi

Moto ilikuja saa moja. Wifi alikataa kusimama, akasema tumbo linauma na yeye mtoto hajamwona vizuri bado, kila mtu amembeba isipokuwa yeye. Kaka akamlipa mtu wa moto nauli ya bure.

Saa mbili titileri akaingia, siku ambayo haji. Akamkuta mama yangu ameketi na kadogo kifuani, kofia ya manjano, 36,8. Alisimama hapo mlangoni. Nikasema moyoni, haya, leo. Akauliza, "Nani amehamisha kiti changu?"

Kiti amekiacha. Amesema mtoto anaweza kukaa kifuani mchana, na siku ya kuvezi inaendelea kuhesabiwa kwa sababu yuko ndani ya chumba cha kuvezi.

Chukudu ya Birere · saa 5:18

Sasa nimeamini. Hiyo hakuna anayeweza kuitunga.

Mkunga wa Lushi · saa 5:22

Na fishi?