Weusi wa Amerika ya Kilatini: niandike wangapi?

Bin Kisauni: Jamani, naandaa bango la maonyesho hapa Mombasa. Niweke idadi gani?

Mzee wa Takwimu: Usijumlishe kibubusa, ndugu. Sensa ya Brazili 2022 ina "preto" asilimia 10.2 na "pardo" 45.3. Preto ni weusi; pardo ni watu wa asili mchanganyiko. Huko Amazoni wengi wana damu ya wenyeji wa asili. Ukiandika 55.5, eleza umejumlisha nini. Meksiko iliuliza kuhusu asili ya Kiafrika kwenye sensa mwaka 2020, ikapata watu zaidi ya milioni 2.5. Hapo mtu hujitaja mwenyewe, haangaliwi ngozi.

Dada Likoni: Pia usiwatie Wagarifuna wa Honduras (wenye damu ya Kiafrika na ya wenyeji wa Karibi) kapu moja na watu wa Palenque, Kolombia (kijiji cha wazao wa watumwa waliotoroka). Kigarifuna chatokana na Kiarawaki, jamii ya lugha za wenyeji wa asili. Kipalenquero, lugha ya Palenque, ni krioli ya Kihispania, yaani lugha iliyozaliwa kwa kuchanganya Kihispania na lugha nyingine. Ni kama hapa kwetu: mzao wa Frere Town, mtaa wa Mombasa wa watumwa walioachiwa huru, ukimwita Mgiriama, atakukatalia!