Raba imevimba katikati baada ya kubandika: niongeze uzito au nibandue?

Mkono wa Kushoto (Tanga)

Wakuu salaam. Nina shida na raketi yangu mpya ya mpira wa meza na naomba msaada kabla sijaiharibu kabisa.

Kaka yangu aliyeko Muscat kaniletea ubao mtupu wa tabaka tano, chupa ya gundi na raba mbili za kubandika juu yake, zenye sponji chini: nyeusi ni DHS Hurricane 3, nyekundu ni Yasaka Mark V. Miaka yote nimechezea raketi za dukani zilizobandikwa tayari, kwa hiyo hii ni mara yangu ya kwanza kubandika mwenyewe.

Nilifanya kazi hiyo Jumamosi baada ya Magharibi, mvua inanyesha, nimekaa sebuleni. Gundi ni ile ya maji, nyeupe kama maziwa. Nikapaka ubaoni pande zote mbili, nikapaka kwenye sponji, nikangoja dakika kumi hivi, nikabandika na kupitisha chupa ya soda juu yake mara kadhaa. Kisha nikailaza raketi sakafuni, upande mweusi juu, nikaweka kamusi, na juu ya kamusi dumu la maji la lita 20. Nikaenda kulala.

Asubuhi upande mwekundu uko safi. Upande mweusi una kivimbe karibu na katikati, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia mbili, na ukingo wa juu umeinuka kiasi cha kupitisha ukucha. Karibu na mpini kuna mstari uliobonyea pale ukingo wa kamusi ulipokaa. Nikidundisha mpira juu ya raba unalia ta, ta, ta, ukifika kwenye kivimbe unalia du na haunyanyuki.

Rafiki mmoja ananiambia nitoboe kwa sindano hewa itoke. Mwingine anasema nipitishe pasi ya vuguvugu juu ya kitambaa. Mimi nilikuwa nafikiria kuongeza dumu la pili. Mashindano ya mtaani kwetu ni wiki mbili zijazo. Nifanyeje?

Servisi Fupi (Mwanza)

Pole sana mkuu. Sindano hapana, utatoboa raba bure. Mimi nina vipande viwili vya plaiwudi nilivyokatiwa na seremala kwa umbo la raketi, na klampu nne. Naiweka raketi katikati, nakaza hadi mkono unauma, naiacha siku nzima. Sijawahi kupata kivimbe. Tafuta klampu, dumu la maji linayumba.

Mbao Tano (Dar es Salaam)

Usiongeze dumu, usitoboe, usipige pasi. Bandua raba nyeusi uanze upya. Najua inauma kuambiwa hivyo wakati raba ni mpya, lakini gundi ya maji inaruhusu kurudia, na raba haitadhurika ukiwa na mkono mpole.

Nawabandikia vijana raketi hapa Dar tangu enzi za gundi ya pancha. Miaka ile ya tisini gundi tuliipata kwa fundi baiskeli. Unapaka, dakika tano imekauka, sponji inavimba, mpira unatoka kwa kasi na raketi inalia kama kigae. Chumba kizima kilinuka na kichwa kiligonga hadi usiku. Septemba 2008 ITTF, shirikisho la kimataifa la mpira wa meza, ikazipiga marufuku gundi zenye kemikali zinazovukiza, tukahamia hii ya maji. Nakukumbusha hayo kwa sababu wengi tulibadilisha gundi tukabaki na haraka ile ile ya gundi ya pancha. Wewe hukuwahi hata kuitumia, lakini walionifundisha mimi na waliokufundisha wewe tulirithishana muda ule ule mfupi wa kungoja.

Sasa kuhusu kivimbe. Gundi yako ikiwa mbichi ni nyeupe, ikikauka inakuwa angavu, unaiona mbao au sponji chini yake. Haikauki yote kwa pamoja. Kingo zinatangulia, katikati inabaki na visiwa vyeupe, vingine vidogo kama punje ya mchele. Ukibandika visiwa vikiwa bado vipo, umefungia maji ndani. Juu kuna raba isiyopitisha kitu, chini kuna mbao, maji hayana pa kwenda. Pale gundi haikushika, raba inanyanyuka. Hilo ndilo ninaloliona kwenye maelezo yako: mvua, usiku, Tanga, dakika kumi. Dakika kumi zinaweza kumtosha mtu wa Arusha kwenye kiangazi. Hapa Dar wakati wa masika mimi nangoja dakika 40 kwa ubao, na sponji inaweza kufika saa nzima. Feni ya mbali inasaidia, mradi haipeperushi vumbi. Jua la moja kwa moja situmii.

Niambie kitu kimoja: nyekundu uliibandika ya pili, sivyo? Kama ni hivyo, ilipata muda wa kungoja wakati unahangaika na nyeusi, ndiyo maana imetoka safi.

Kuna jambo la pili, la ukingo ulioinuka. Sponji mpya ikinywa maji ya gundi inatanuka kidogo, na raba nzima inajikunja kama chapati inayoanza kuiva. Ukiibandika ikiwa imejikunja hivyo, baadaye sponji inanywea na kuvuta kingo. Ingoje. Gundi ikikauka vizuri raba inarudi kulala yenyewe, na ukiona imelala ujue iko tayari.

Sasa uzito, maana ndiyo uliyouliza. Ulivyoilaza raketi sakafuni, mpini ndio uliogusa chini. Mpini una unene wa milimita 22 hivi, ubao 6. Hata ukihesabu raba ya chini, mpini unazidi kwa milimita 4 na zaidi. Maana yake ubao wako ulikuwa umeegemea ncha ya juu na mpini, katikati pako hewani, halafu ukauwekea kilo 20. Mbao inapinda, raba ya juu inabanwa mahali pamoja na kuachwa mahali pengine. Na kamusi nayo ilipanda juu ya mpini au iliishia karibu nao, ndipo ulipopata ule mstari.

Mimi nina kigae kimoja cha sakafu kilichobaki kwenye ujenzi, kimenyooka kama kioo. Nakiweka ukingoni mwa meza. Raketi inalala juu yake, mpini unaning'inia nje, haugusi kitu. Juu ya raba naweka karatasi safi, kisha ubao bapa unaoishia pale raba inapoishia, haufiki kwenye mpini. Juu yake mfuko wa sembe wa kilo 5. Basi. Saa mbili, tatu zinatosha. Uzito kazi yake ni kuituliza raba isisogee wakati gundi inashikana na gundi. Sponji ni vijishimo vya hewa, ukiikandamiza usiku kucha kwa nguvu kubwa unaichosha kabla hujapiga mpira hata mmoja.

Servisi Fupi, ndugu yangu, plaiwudi iliyokatwa kwa umbo la raketi ni kitu kizuri sana na nakupongeza. Ila kukaza hadi mkono unauma, punguza. Klampu nne kila moja inakaza kwa nguvu yake, na mbao ya raketi ni laini kuliko unavyodhani. Kaza mpaka plaiwudi isitikisike, uishie hapo.

Servisi Fupi (Mwanza)

Nimekuelewa mzee. Ni kweli raketi yangu ya zamani ukiweka rula juu yake inapitisha mwanga katikati, na siku zote nilidhani imetoka hivyo kiwandani. Nitapunguza.

Chunusi Ndefu (Mombasa)

Naomba niongezee kwa upande wangu, maana mimi natumia raba ya chunusi ndefu, yaani yenye vijipele virefu juu, isiyo na sponji, na hiyo haina huruma kabisa. Ni nyembamba mno, kila tone la gundi lililojikusanya linaonekana juu kama kipele. Nilichojifunza ni kwamba usimimine gundi mahali pamoja halafu usambaze. Weka mstari mwembamba kutoka karibu na mpini, kisha vuta kwa kipande cha sponji safi kuelekea juu, kwa mkono mmoja usiosimama. Ukirudi nyuma gundi iliyoanza kukauka inajiviringa na kutengeneza vinundu.

Pili, usiivute raba wakati wa kubandika. Anza pale kwenye mpini, ilaze ncha ya chini iwe sawa na mstari, halafu iache ishuke yenyewe huku unasukuma kwa mti wa chapati kutoka mpini kwenda juu. Hewa inatoka mbele ya mti. Mimi nimeacha chupa ya soda kwa sababu ina kiuno, katikati haigusi. Dada yangu analalamika kila nikichukua mti wake wa chapati, nikamnunulia mwingine.

Na hapa Mombasa hatubandiki usiku wa mvua. Asubuhi, madirisha wazi.

Mkono wa Kushoto (Tanga)

Mbao Tano, shikamoo mzee. Ni kweli, nyekundu niliibandika ya pili, ilingoja karibu nusu saa kwa sababu nyeusi ilinisumbua kukaa sawa. Sikulifikiria kabisa hilo. Na chupa ya soda, dada wa Mombasa, nimeiangalia sasa hivi. Kweli ina kiuno.

Swali langu: nikibandua, gundi ya zamani niitoe yote? Na naogopa sponji isichanike.

Mbao Tano (Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu.

Anzia kona moja karibu na mpini. Inua kwa kidole, siyo kisu. Vuta polepole, raba ikiwa imelala karibu na ubao, usiinyanyue wima. Fuata nyuzi za mbao au kwa mshazari, usivute kwa kuzikata nyuzi, utaondoka na vibanzi. Ikigoma mahali, simama, ingiza kidole gumba, sugua gundi taratibu mpaka ijiviringe, endelea. Kwa raba moja mimi natumia dakika tano, wala sioni haya.

Ukishabandua, tazama ndani kabla ya kugusa kitu. Utapaona pale kwenye kivimbe. Nadhani utakuta gundi bado nyeupe, au inanata kama ndizi iliyoiva sana.

Ubaoni itoe yote, inatoka kwa kusugua na gumba kama ngozi iliyochubuka baada ya jua, wakati mwingine inatoka pande zima kwa mara moja. Kwenye sponji usilazimishe. Toa vinundu na sehemu zilizolegea, ile tabaka nyembamba iliyoshika sawasawa iache. Gundi mpya inashika juu ya ya zamani. Ila usirundike, maana kanuni inahesabu raba, sponji na gundi kwa pamoja, na jumla haitakiwi kuzidi milimita 4.0. Kwenye mashindano ya mtaani hakuna atakayekupima, lakini siku ukienda mbali zaidi watapima, wataangalia na kama raba imelala sawa.

Paka ubao mara moja, sponji mara moja, nyembamba. Ngoja visiwa viishe. Ukidhani vimeisha, igeuze raketi kuelekea dirishani uitazame kwa pembeni, mwanga utakuonyesha vilivyobaki. Gusa kwa mgongo wa kidole, siyo ncha, ncha ina mafuta. Isiloweshe kidole.

Mkono wa Kushoto (Tanga)

Narudi na majibu wakuu.

Nimesubiri hadi leo Alhamisi, jua limetoka tangu asubuhi. Nimebandua raba nyeusi, imenichukua karibu robo saa. Mzee, ndani ilikuwa kama ulivyosema. Pale kwenye kivimbe palikuwa na doa jeupe, bado lina unyevu baada ya siku tano. Nimeligusa, likanyooka uzi kati ya kidole na sponji. Pembeni pote gundi ilikuwa angavu na imeshika vizuri.

Nimepaka upya kwa mtindo wa dada wa Mombasa, kutoka mpini kwenda juu. Ubao umechukua dakika 35, sponji dakika 50. Kisiwa cha mwisho kilikuwa karibu kabisa na katikati, nimekaa nakiangalia hadi kikapotea. Nimebandika bila kuvuta, nimesukuma kwa mti wa chapati wa mama. Kigae sina, nimetumia kioo cha meza ndogo ya sebuleni, mpini nje, juu ubao wa kukatia mboga uliofunikwa karatasi na mfuko wa mchele wa kilo 5. Saa tatu.

Sasa hivi nimeweka rula juu ya raba na kuinyanyua mbele ya dirisha. Katikati hakuna mwanga. Kingo zote zimelala, ukucha haupiti. Ule mstari wa kamusi bado unaonekana ukitazama kwa pembeni, lakini ni hafifu kuliko Jumapili. Nimedundisha mpira kutoka mpini hadi ncha, kisha kulia na kushoto, sauti ni moja. Pale kwenye mstari inazama kidogo sana, sijui kama mpinzani ataigundua, mimi naisikia.

Mbao Tano (Dar es Salaam)

Hongera. Mstari huo uache, usiufanyie kitu. Cheza nayo siku nne, tano, sponji itainuka kwa kupigwa mpira. Ukishamaliza kucheza futa raba kwa kitambaa chenye maji kidogo, uihifadhi mahali pasipo joto, usiiache dirishani wala kwenye gari.

Na hizo siku zilizobaki usiibandue tena kwa sababu yoyote ile. Nenda kafanye mazoezi ya servisi.