Laminati, vinili au vigae: ninataka kutandika sakafu mwenyewe, nichague ipi?

Mkazi_wa_Tegeta:
Wakuu, habari za jioni. Ninakusudia kubadilisha sakafu ya sebule na vyumba viwili vya kulala kabla ya sikukuu za Desemba, kwa kuwa niru (ile sementi laini ya juu ya sakafu) iliyopo imepasuka na imeanza kumomonyoka karibu na milango. Kariakoo nimeonyeshwa mbao za laminati za milimita 8, ambazo muuzaji anasema hazihitaji fundi, maana zinafungana, ulimi wa ubao mmoja ukiingia kwenye mfereji wa mwingine, bila gundi wala misumari. Jirani yangu anasema niweke vigae nimalize kazi. Nimetazama video nyingi za watu wanaojitandikia wenyewe na kazi naiona iko ndani ya uwezo wangu, ila bajeti yangu ni ndogo na sipendi kununua kitu kitakachoharibika masika ya kwanza. Waliowahi kutumia, naombeni ushauri.

Fundi_Tanga:
Ndugu, kwa maelezo hayo hakuna atakayekujibu kwa uhakika. Je, chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, iliwekwa nailoni ya kuzuia unyevu wakati wa kulimwaga? Vyumba vina ukubwa gani? Kuna chumba chenye choo ndani? Umewahi kuweka rula ndefu juu ya hiyo niru uone imenyooka kiasi gani? Tena, nani anayepiga deki hapo nyumbani, na anatumia maji kiasi gani? Swali hilo la mwisho usilidharau, kwa sababu linaamua mambo mengi kuliko bei.

Binti_Likoni:
Mimi niko Mombasa, na huku kwetu wengi wenye bajeti ndogo wanaweka mkeka wa mbao, yaani ile plastiki ya kukunjua yenye picha ya mbao. Unapima chumba, unakatiwa dukani, unakata pembe kwa kisu, na jioni umeshahamisha viti. Maji yakimwagika unafuta tu. Sioni sababu ya mtu mwenye pesa kidogo kuhangaika na mbao zinazoogopa maji.

Mzee_wa_Machame:
Dada, mkeka huo unachanika ukivuta kitanda, na jua la dirishani linaupausha. Vigae ndivyo mwisho wa mjadala. Nyumba yangu ina vigae tangu watoto wangu wako shule ya msingi, na leo wajukuu wanavichezea mpira. Mchwa hawavili, maji havinywi, na ukitaka kuosha unamwaga ndoo nzima.

Mkazi_wa_Tegeta:
Nawashukuru. Sebule ni mita 5 kwa 4, na vyumba vyote viwili ni mita 3 kwa 3. Chumba kimoja kina choo ndani. Nyumba niliinunua ikiwa imekamilika, kwa hiyo habari ya nailoni chini ya jamvi sina namna ya kuithibitisha. Uani maji ya mvua huchelewa kukauka. Deki inapigwa kila asubuhi, na ni kweli kwamba maji hayahesabiwi.

Mama_Wawili:
Kwa kuwa umetaja maji, naomba nikusimulie yaliyotupata katika nyumba tuliyopanga Mikocheni. Mwenye nyumba aliamua kuipendezesha kwa laminati kabla hatujaingia, akamleta fundi wa vigae ambaye kazi hiyo hakuwa ameizoea. Fundi alitandika mbao moja kwa moja juu ya sementi, bila nailoni wala sponji ya chini, akazibana hadi zikagusa kuta pande zote nne, kisha akapigilia skatingi (vile vipande vinavyozungushwa chini ya kuta) kwa misumari iliyoingia kwenye mbao zenyewe badala ya ukuta. Kwa miezi ya kiangazi sakafu ilipendeza na wageni waliisifu. Ilipoingia Machi, hewa ikawa nzito na mvua zikaanza, tukaona katikati ya sebule pameinuka, mtu akikanyaga panabonyea na kurudi. Kingo za mbao zilivimba zikawa kama mkate uliochovywa kwenye chai, na zikivimba namna hiyo hazirudi hata zikikauka. Hatimaye mbao zilipong'olewa, upande wa chini ulikuwa mweusi kwa kuvu, na kona iliyo karibu na jiko mchwa walikuwa wameshaanza kujenga. Mwenye nyumba alitulaumu sisi kwamba tulipiga deki kwa maji mengi, ilhali kona iliyoharibika zaidi ilikuwa chini ya kabati, mahali ambapo dekio halifiki. Tulibishana naye hadi kwa mwenyekiti wa mtaa, na amana yetu ilirudi nusu.

Kaka_Minnesota:
Pole sana dada. Simulizi yako inaonyesha kuwa kosa lilikuwa la utandikaji kuliko la bidhaa. Nimeshatandika laminati kwenye nyumba niliyonunua huku Marekani, kwa hiyo nieleze kidogo. Kiini cha ubao huo ni nyuzi za mti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, juu yake kuna karatasi yenye picha ya mbao, kisha tabaka gumu la melamini, aina ya plastiki. Kiini hicho hunywa unyevu hata wa hewani, kikatanuka, na ndiyo maana sakafu yote lazima ielee: isishikwe na msumari wala gundi, na iachiwe nafasi ya milimita 8 hadi 10 kando ya kila ukuta, kila nguzo na kila fremu ya mlango. Nafasi hiyo hufunikwa na skatingi inayopigiliwa ukutani. Juu ya sementi hutangulia nailoni nzito, vipande vyake vikipandiana na kugandishwa kwa utepe, kisha sponji ya milimita 2 au 3, ndipo mbao. Maboksi yalale bapa ndani ya chumba chenyewe saa 48 kabla ya kufunguliwa. Viungo vya mstari mmoja na unaofuata vipishane angalau sentimita 30, na kabla ya kuanza pima upana wa chumba ili mstari wa mwisho usibaki chini ya sentimita 5. Nunua pia asilimia 10 zaidi kwa ajili ya vipande vitakavyopotea.

Mzee_wa_Machame:
Mwanangu, huko kwenu kuna baridi kavu. Dar es Salaam mwezi wa Aprili hata chumvi kwenye kopo inayeyuka.

Kaka_Minnesota:
Mzee, shikamoo. Huku kiangazi kina unyevu mkali pia, ila nakubali kwamba hatumwagi ndoo sebuleni.

Fundi_Tanga:
Niongeze mambo mawili ambayo wauzaji hawayasemi. La kwanza, unene wa ubao hauzuii maji. Milimita 12 huvimba sawasawa na 8, ingawa ule mnene unatoa sauti nzito zaidi ukikanyagwa na unavumilia vibonde vidogo. Tazama alama ya AC kwenye boksi, inayoonyesha ubao unavumilia kuchakaa kiasi gani: AC3 inatosha matumizi ya nyumbani, na AC4 ni bora kwa sebule yenye watu wengi. La pili, sakafu ya chini isizidi tofauti ya milimita 3 ndani ya mita 2. Niru iliyomomonyoka kama yako itabidi kuzibwa na kusawazishwa kwanza, la sivyo ulimi wa mbao utavunjika kwa kukanyagwa, na hapo ndipo gharama inapoanza kuwa sawa na ya vigae.

Binti_Likoni:
Mafundi wote husema gharama italingana na vigae, kwa sababu vigae mtu hawezi kujiwekea mwenyewe.

Fundi_Tanga:
Dada, mimi ni seremala, vigae haviniingizii hata senti. Nimesema hivyo kwa sababu hesabu ya laminati haiishii kwenye bei ya boksi. Kuna nailoni, sponji, skatingi, vipande vya alumini vya mlangoni, msumeno wenye meno madogo, kabari za kushikilia ile nafasi ya ukutani, na mara nyingi fremu za milango lazima zikatwe chini kidogo ili ubao uingie.

Msomaji_Kimya:
Naomba kuuliza nje kidogo: ni kweli kwamba mbao hizi zinatoa harufu yenye madhara? Nilisoma kuhusu kashfa ya Marekani.

Kaka_Minnesota:
Mwaka 2015 kulikuwa na taarifa ya televisheni kuhusu laminati zilizotengenezwa China, zilizodaiwa kutoa formaldehaidi kupita kiwango kilichoruhusiwa. Kemikali hiyo hutoka kwenye gundi ya kile kiini. Tafuta kwenye boksi alama ya E1, inayoonyesha kwamba kemikali hiyo inatoka kwa kiwango kidogo, na acha madirisha wazi siku za mwanzo.

Mama_Wawili:
Kwa nini hakuna anayezungumzia vinili ngumu ya kufungana, ile yenye kiini cha unga wa mawe ya chokaa na plastiki? Inatandikwa kwa ulimi vilevile, ni ya milimita 4 hadi 6, na haivimbi kwa maji. Dada yangu ameiweka hadi jikoni.

Fundi_Tanga:
Ni nzuri, lakini bei yake iko juu ya laminati ya kawaida, na kwa kuwa ni nyembamba inadai sakafu iliyonyooka zaidi. Pia ubao kutovimba hakuzuii kuvu kuota chini yake kama zege linatoa unyevu. Mkazi, kabla ya kununua chochote, kata vipande vya nailoni vya mita moja kwa moja, vigandishe sakafuni kwa utepe pande zote, viache angalau siku nzima, kisha utuambie umekuta nini.

Mkazi_wa_Tegeta:
Nimefanya hivyo katika vyumba vyote vitatu. Vyumba vya kulala ni vikavu, hata kile chenye choo. Sebuleni, upande wa ukuta wa jikoni, nailoni imeota matone kwa ndani na sementi imekuwa nyeusi. Upande wa dirishani hakuna kitu. Ninafikiria laminati vyumbani na vigae sebuleni.

Mzee_wa_Machame:
Umefika nilipokuwa nakusubiri. Ila vyumbani utamwambia nani asimwage maji?

Binti_Likoni:
Na mlangoni je? Kigae pamoja na mchanga wake kitapanda juu kuliko ubao, utajikwaa kila siku.

Fundi_Tanga:
Hiyo tofauti hufunikwa na kipande cha alumini chenye mteremko. Mimi kinachonishangaza ni unyevu kuwa upande mmoja tu. Maji ya ardhini yangejitokeza kwa upana zaidi. Bomba la jikoni linapita ndani ya ukuta huo? Funga koki zote za nyumba usiku, andika namba ya mita ya maji, uisome tena alfajiri kabla mtu hajachota maji; ikiwa imesonga, kuna bomba linalovuja.