Udenda kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo: kumkumbusha ameze hakusaidii?

Mwalimu_msaidizi: Habari wadau. Mtoto ana miaka 8, ana mtindio wa ubongo. Akiambiwa "meza", anameza. Asipoambiwa, udenda unamshuka hadi kifuani wala hashtuki. Nianzie wapi?

Tiba_ya_usemi: Mwalimu, kwa kawaida watoto hawa hawatoi mate mengi kuliko wenzao. Wanameza mara chache, tena wengi hawahisi kidevu kimelowa. Ukimwambia "meza" kila mara, wewe ndiye unayehisi kwa niaba yake, na ukinyamaza anasahau.

Anza kwa kupima. Mtazame kwa dakika 5, na kila baada ya sekunde 15 weka alama ukiona mate mapya kwenye midomo au kidevuni. Hizo ni mara 20. Alama 12 ni asilimia 60. Pima akiwa ametulia, kisha akiwa anachora, kwa sababu akizama kwenye kazi udenda huongezeka.

Halafu mfundishe mfuatano huu: aguse kidevu, afunge midomo, ameze, ndipo afute. Kitambaa akikandamize, asisugue, ngozi isichubuke. Tuzo itolewe kidevu kikiwa kikavu. Ukisifia kufuta peke yake, atafuta bila kumeza, na hapo ndipo wengi hukwama.

Muda wa kukagua kidevu uwe mfupi kuliko muda anaochukua kulowa. Kama hulowa baada ya dakika 1, kagua kila sekunde 40.

Mama_wa_mazoezi: Naongezea: sauti yako iondoke taratibu. Toka kwenye neno, nenda kwenye ishara ya kidole, kisha saa ya mkononi inayotetemeka ambayo anaijibu mwenyewe. Vipindi vya dakika 10 vinatosha. Akianza kulowa tena, mmerefusha muda wa kukagua haraka mno. Rudini hatua moja.

Mkunga_mstaafu: Kabla ya yote, tazameni kiti. Nyonga zirudi nyuma, miguu ikanyage, kichwa kisiinamie mbele. Pua iliyoziba humwacha mdomo wazi, na meno yaliyooza au dawa kama klonazepamu (ya kifafa) huweza kuzidisha udenda. Dawa msiiache bila daktari. Maji ya kunywa msimpunguzie. Akikohoa mate, akiwa na sauti ya majimaji au akiugua kifua mara kwa mara, huenda mate yanaingia njia ya hewa. Huyo aonwe na daktari kwanza, mazoezi yasubiri.