Yule fundi wa klachi mnayemjua wote: leo kaniambia nijifungie suruali!

Wakuu, naandika huku natetemeka, na si baridi.

Yule fundi. Jina silitaji, mnamjua, yule wa "niachie mimi, kalale". Nimefunga turbo kwenye pikipiki yangu ya theluji, nguvu zimepanda, nikamwambia kabisa: bosi, vizito vya klachi ya mbele (vile vinavyofanya klachi ibane mkanda injini ikizunguka) viongezwe uzito, injini isipitilize mizunguko. Akaitikia. Kumbe kaacha vizito vilevile vya kiwandani, halafu kapachika springi ngumu, utadhani nina deni lake!

Nabonyeza mafuta mlimani, injini inatakiwa itulie kwenye mizunguko 8,000, inapaa hadi 8,700! Kelele za kuamsha wafu, mwendo wa konokono. Moshi, harufu ya mpira, paaa! Mkanda wa kuzungusha klachi ya nyuma kwisha. Nyuzi zake zimejisokota nyuma ya puli, nimezinyofoa kwa koleo huku vidole vimekufa ganzi.

Nimempelekea mkanda, watu wamejaa. Kaushika. KAUNUSA. Kanirudishia: "Kaa nao, utajifungia suruali."

Suruali, wakuu! Mbele za watu! Mkanda nimeshasamehe, ila suruali sisamehi mpaka naingia kaburini. Na aliunusa kwanza!

Theluji_Tamu: Pole sana mkuu. Swali la kizushi: ulikutosha kiunoni?

Mzee wa Heliksi: Springi ngumu inavisukuma vizito nyuma, na vyenyewe vyepesi, sasa mkanda ungebanwa na nini? Lazima uteleze, upate moto, ufe. Ongeza gramu kidogo kidogo kila kizito mpaka mizunguko ishuke panapotakiwa. Heliksi, ule mteremko wa ndani ya klachi ya nyuma, ni ya digrii ngapi?

Mleta uzi: Mzee sijaja darasani, nimetukanwa! ALIUNUSA!

Mzee wa Heliksi: Sawa, ila digrii ngapi?

Binti Baridi: Huyohuyo mimi aliniambia mwinuko si tatizo, nipande na vizito vya bondeni. Kule juu hewa nyepesi, injini ikakosa pumzi, vizito vikailemea, mizunguko haifiki popote. Niliporudi kulalamika akaniuliza nimenenepa lini.

Springi Kavu: Afadhali nyie mna fundi wa kugombana naye. Kuna mtu humu kaazima kivuta klachi changu, kile kifaa cha kuchomolea klachi, tangu msimu uliopita, akiniona tu anavaa helmeti.

Theluji_Tamu: Tukiwa kwenye helmeti, nani ana miwani isiyoshika ukungu? Ya kwangu nikipumua mara moja tu, giza.

Springi Kavu: Usihamishe mada, rudisha kivuta.

Theluji_Tamu: Si ulisema nikae nacho tu?

Springi Kavu: WIKI MOJA!

Mleta uzi: Jamani, na suruali yangu?

Binti Baridi: @Theluji_Tamu tafuta ya vioo viwili vilivyopandana, na usiivue ukaiweka kwenye paji la uso lenye jasho. Halafu ukimaliza na kivuta, nakiomba kesho.