MJADALA: Mfanyakazi akisema kipanya kisicho na waya kinamuumiza, apewe cha waya au kwanza alete cheti?

Mtoa mada

Wakuu, habari za jioni. Naleta hoja ambayo huko Ulaya na Marekani imeshafika mahakamani na kwenye meza za vyama vya wafanyakazi.

Wapo watu wanaosema wakikaa karibu na vifaa vya umeme na vya mawimbi, kichwa kinauma, ngozi inawaka, usingizi unapotea, akili haitulii. Kwa anayeshinda kwenye kompyuta, vitu vinavyogusana na mwili wake kutwa nzima ni kibodi na kipanya. Ndiyo maana kuna soko la vifaa vinavyotoa mawimbi kidogo: kibodi zenye bati ndani ya ganda, waya uliovikwa wavu wa chuma, vipanya visivyo na redio. Swali langu: mfanyakazi akimwambia bosi wake "hivi vinaniumiza, naomba vya waya", bosi alazimike kumpa, au adai kwanza cheti cha daktari kinachothibitisha chanzo?

Msimamo wangu: apewe, tena bila cheti. Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo yake Desemba 2005. Lilisema dalili hizi ni za kweli na zinaweza kumlemaza mtu, ila hakuna vigezo vya wazi vya kuutambua ugonjwa wenyewe, wala hakuna msingi wa kisayansi wa kuzihusisha dalili hizo na mawimbi. Ukimwambia mtu alete cheti cha chanzo, unamtuma akatafute karatasi ambayo daktari mkweli hawezi kuiandika. Wakati huohuo kibodi na kipanya cha waya ni vifaa vya bei ya chini kabisa dukani, na ofisi nyingi zinavyo stoo vimelala.

Vifaa vya bei mbaya vinavyouzwa kwa kuwatia watu hofu ni habari nyingine, na hivyo nitavipinga hapahapa. Karibuni.

Fundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Mkuu, kabla watu hawajagawanyika pande mbili, tujue kwanza kinachotoka kwenye vifaa hivi.

Kipanya kisicho na waya hutumia redio ya gigahezi 2.4, masafa yaleyale yanayotumiwa na Wi-Fi nyingi. Vya Bluetooth vya kawaida nguvu yake haizidi miliwati 2.5, na havirushi mfululizo. Vinatuma vipande vifupi unapovisogeza, ukiviacha vinalala. Simu ya GSM inaweza kufika wati 2 pale inaporusha, na hiyo mtu anaibandika sikioni. Kwa hiyo anayebadilisha kipanya huku simu iko mfukoni, jumla ya mawimbi yanayomfikia haijapungua sana.

Cha waya hakina redio kabisa. Kinabaki na uga mdogo (nguvu ya umeme na sumaku inayozunguka kifaa) wa saketi yake na wa waya, nao unashuka haraka sana ukisogea: kwa chanzo kidogo cha uga wa sumaku, ukiongeza umbali mara mbili unabaki na kama moja ya nane. Kwa hesabu hiyo, mwenye kompyuta mpakato anapata nafuu zaidi kwa kuchomeka kibodi ya nje na kuisogeza mashine mbali kuliko kwa kununua kitu chochote cha ajabu. Kibodi ya mpakato imelala juu ya prosesa na saketi za umeme, na mikono yako iko hapo hapo.

Sasa niseme jambo ambalo wanaoandika huko Ulaya hawaligusi sana, na sisi tunaishi nalo. Nyumba nyingi huku soketi ni ya matundu matatu lakini nyuma yake hakuna waya wa ethi (unaopeleka ardhini umeme uliovuja), au upo ila haujafika kwenye fito iliyochimbiwa ardhini. Chaja nyingi zina kapasita ndogo za kuchuja kelele za umeme, na ethi isipokuwepo, ganda la chuma la kompyuta linaweza kuelea kwenye karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo mno kwenye chaja iliyotengenezwa kwa viwango, hauui. Lakini ukipitisha vidole taratibu juu ya ganda unahisi mtetemo, kama ngozi inakwaruzwa. Wateja wameniletea mashine wakisema "ina mionzi". Ninaichomeka kwenye soketi yenye ethi nzuri, hali inaisha palepale.

Siwaambii wote wanaolalamika tatizo lao ni ethi. Ninasema ipimwe kwanza, kwa sababu hiyo ni hatari halisi na inatibika.

Muuguzi, Nairobi

Kwa heshima, mtoa mada, hapa sikubaliani nawe, na sisemi hivi kwa kuwadharau wagonjwa. Nimewahudumia watu wenye maumivu yasiyo na jina na najua yanavyomaliza mtu.

Tatizo ni kwamba swali hili limeshapimwa. Mwaka 2010 watafiti wa King's College London walikusanya majaribio 46 ambamo si mshiriki wala mtafiti aliyejua lini mawimbi yamewashwa. Walioshiriki walikuwa watu 1,175 wanaosema wanaathirika. Hakukupatikana ushahidi thabiti kwamba waliumia zaidi mawimbi yakiwepo kuliko yakiwa hayapo. Waliumia, ndiyo, lakini hata kifaa kikiwa kimezimwa. Chuo Kikuu cha Essex kilichapisha jaribio lake mwaka 2007 kuhusu minara ya simu: kati ya watu 44 waliojiita wenye kuathirika, 2 ndio waliotambua mara zote sita kama mawimbi yamewashwa au la. Upande wa watu wa kawaida walikuwa 5 kati ya 114. Tofauti ni ya bahati tu.

Mwaka 2013 kukatoka utafiti mwingine wa watu 147. Baadhi walionyeshwa kipindi cha televisheni kuhusu madhara ya Wi-Fi, wengine kipindi kisichohusika, kisha wote wakawekwa kwenye "Wi-Fi" ambayo haikuwepo kabisa. Zaidi ya nusu waliripoti dalili, na kipindi kile cha kutisha kilizidisha hali kwa wale waliokuwa na wasiwasi tangu mwanzo.

Sasa wewe unataka ofisi impe mtu kipanya cha waya na kwa kitendo hicho imwambie, "kweli kile kingine kinakuumiza." Leo kipanya, kesho ruta (kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi), kesho kutwa anaacha kazi. Marekani kuna eneo la West Virginia, Green Bank, ambako redio zimewekewa masharti tangu 1958 kwa ajili ya darubini za anga. Watu wamehama nyumba zao na familia zao kwenda kuishi huko. Hofu uliyoilisha ndiyo inayomfikisha mtu huko. Mwenye dalili apelekwe kwa daktari: apimwe damu, macho, tezi, usingizi, msongo wa mawazo. Mara ngapi tumekuta upungufu wa damu nyuma ya "mionzi"?

Mchangiaji, Gothenburg

Habarini kutoka huku Sweden. Ninafanya kazi ofisini na ni mwanachama wa chama cha wafanyakazi, kwa hiyo nisaidie kwa historia, maana suala hili lilikulia huku.

Miaka ya 1980, kompyuta zilipoingia maofisini kwa wingi, makarani walianza kulalamika uso unawasha na kuwa mwekundu mbele ya skrini zile kubwa za kioo kizito. Vyama havikungoja profesa amalize kubishana. Vilidai skrini zinazotoa uga mdogo zaidi. Kikaja kiwango cha Sweden kiitwacho MPR II mwaka 1990: sentimita 50 kutoka kwenye skrini, uga wa sumaku wa masafa ya chini usizidi nanotesla 250 (nanotesla ni kizio cha kupimia uga wa sumaku). Miaka miwili baadaye shirikisho la wafanyakazi la TCO likaweka chake kikali zaidi, nanotesla 200, tena mbele ya skrini likapima kwa sentimita 30. Viwanda duniani vikafuata. Nyinyi mliokuwa na monita za zamani huko nyumbani, ile nembo ya TCO pembeni mliiona sana.

Na huo uga haukuja kuthibitishwa kwamba ndio uliowasha zile nyuso. Lakini skrini zilizotoka baada ya madai yale zilikuwa bora kwa kila mtu, kwa sababu TCO ilidai pia mambo mengine, kama matumizi madogo ya umeme. Dada muuguzi, hapo ndipo ninapokwama na hoja yako. Unaogopa kwamba kumpa mtu kifaa ni kumthibitishia hofu. Huku tuliwapa watu wote skrini nzuri na hapakuwa na haja ya kumthibitishia yeyote kitu.

Kwa miaka mingi chama cha wenye hali hii huku kimehesabiwa miongoni mwa vyama vya watu wenye ulemavu, ingawa mamlaka ya afya haijasema mawimbi ndiyo chanzo. Swali la "unashindwa kufanya nini?" na swali la "nini kimesababisha?" wameyatenganisha.

Mchangiaji, Mombasa

Assalaam alaykum. Nimesoma yote kimya kimya kwa sababu mimi ni mmoja wa mnaowazungumzia.

Sijui ni mawimbi au si mawimbi. Ninachojua ni kwamba nikitumia kipanya kile kwa muda, mkono unawaka hadi kiwiko na kichwa kinakaza. Cha waya sipati hivyo. Nilipoomba nibadilishiwe pale nilipokuwa nafanya kazi niliambiwa nilete barua ya daktari wa akili, tena mbele ya wenzangu. Nikanyamaza. Nikajinunulia mwenyewe, nikakatazwa kukichomeka eti kifaa cha nje hakiruhusiwi.

Dada yangu wa Nairobi, nilipima damu. Nilipima macho. Niko tayari kupimwa chochote. Lakini kati ya kipimo na kipimo lazima nifanye kazi, nina watoto. Nakuomba unieleze ni dawa gani utakayonipa ambayo ni nafuu kuliko kipanya cha waya.

Muuguzi, Nairobi

Wa alaykum salaam dada. Kwa yaliyokupata nasikitika, na yule aliyekudai barua ile mbele ya watu alikosea, hilo silitetei hata kidogo. Wewe ningekupa hicho kipanya. Kinachonitia wasiwasi ni kanuni ya kila mtu. Na huo mkono unaowaka hadi kiwiko, tafadhali umwonyeshe mtu wa mishipa na viungo. Umbo la kipanya na namna ya kukishika huweza kubana mishipa ya fahamu. Inawezekana hicho cha waya kina umbo tofauti tu.

Mwenye ofisi, Arusha

Nina wafanyakazi wachache. Kipanya cha waya natoa sasa hivi, sina ugomvi. Ila wakuu niambieni mpaka uko wapi. Akisema nizime Wi-Fi ya ofisi nzima? Akitaka kibodi iliyoagizwa nje kwa bei ya kompyuta nyingine? Mkishanilazimisha kwa jambo moja bila ushahidi, la pili nitalikataa kwa hoja gani?

Mtoa mada

Mzee wa Arusha umeuliza swali ninalolihitaji. Mpaka nauweka kwenye gharama na kwa watu wengine. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008 na Tanzania 2009, unadai marekebisho yanayofaa yasiyomtwisha mtoaji mzigo uliopita kiasi. Kipanya hakimgusi jirani na hakikufilisi. Kumhamishia dawati mbali na ruta, au kumvutia waya wa mtandao ili kompyuta yake izimwe Wi-Fi, bado ni jambo dogo. Kuzima mtandao wa wote ni kuwanyang'anya wengine kazi zao, na hapo ushahidi lazima udaiwe, na haupo. Ndiyo hoja yako ya kukatalia.

Kuhusu vifaa vya bei mbaya, hapo nasimama na muuguzi moja kwa moja. Mwaka 2020 Uingereza kulikuwa na kijiti cha USB kilichouzwa zaidi ya pauni 300 kwamba kinazuia 5G. Wataalamu wa usalama wa kompyuta wakakifungua: flashi ya megabaiti 128 yenye stika juu. Desemba 2021 mamlaka ya usalama wa nyuklia ya Uholanzi ikaonya kuhusu bidhaa kumi "za kuzuia 5G", zikiwemo mikufu na bangili ya mtoto, kwa sababu zenyewe zilikuwa zinatoa mionzi ya ayoni, ile inayoweza kudhuru kweli. Mtu amelipa ili ajilinde na kitu kisichothibitishwa, akavaa shingoni kilicho hatari. Wafanyabiashara hawa wananikasirisha kuliko waajiri wabishi. Na wanapata wateja pale mtu alipofukuzwa na daktari na bosi siku moja.

Kwa hiyo, dada muuguzi, sidhani kipanya ndicho kinachomfikisha mtu Green Bank. Nadhani kinachomfikisha huko ni kutosikilizwa. Hili sina takwimu zake, ni mtazamo wangu, na uko huru kuupinga.

Muuguzi, Nairobi

Naupinga kwa sehemu. Usikilizwaji bila uchunguzi nao unapoteza watu. Basi tuandike hivi: anapewa cha waya siku ya ombi, bila maswali, na kwenye fomu hiyohiyo anapewa rufaa ya hiari ya uchunguzi. Na fomu isiandike popote neno "mionzi". Iandike kifaa alichoomba, basi.

Fundi wa kompyuta, Dar es Salaam

Hapo mmenifurahisha. Ongezeni mstari mmoja: soketi ya dawati lake ipimwe ethi. Kile kipimaji cha kuchomeka chenye taa tatu kinatosha kuanzia. Kikionyesha kasoro, aitwe fundi umeme mwenye leseni.

Na onyo kwa dada wa Mombasa na wengine: kuna kibodi na mikeka inayouzwa na waya wa kujiunganisha mwenyewe na ethi ya soketi. Kama nyumba haijafungwa vizuri, ule waya unaweza kukuletea umeme badala ya kuuondoa. Hata penye ethi nzuri, ukigusa kifaa kibovu huku umejiunganisha na ardhi, shoti inakupitia vizuri zaidi. Usiitumie kabla soketi haijapimwa. Kibodi ya waya ya kawaida haihitaji hayo yote, unachomeka tu.

Mchangiaji, Mombasa

Ahsante fundi. Hiyo fomu ya muuguzi nitaichapa niipeleke kazini. Yule wa Arusha, wewe ungeisaini?

Mwenye ofisi, Arusha

Hiyo naisaini. Ya ruta, bado.